Mdudu wa Mkuyu

Wapo watu waliookoka katika mikutano ya hadhara, vipaza sauti vikinguruma na kwaya ikiimba. Wapo waliookokea hospitalini na wengine gerezani. Shuhuda hizo tumezisikia, na sina sababu ya kuzitilia shaka. Lakini mimi nikiulizwa ni nani aliyenirudisha kwa Mungu, sina budi kusema kweli hata kama watu watacheka. Ni mdudu. Mdudu mwenyewe hafikii ukubwa wa punje ya mchele, na akishapata mabawa haishi zaidi ya siku moja au mbili.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2015 nilimzika mke wangu baada ya saratani kumtesa karibu miaka miwili. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wa pekee tuliyejaliwa, alikuwa darasa la nane. Sitasimulia ya wodini wala ya mazishi, kwa kuwa nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zina yao. Nitasema tu kwamba watu walipotoka matangani na masufuria ya majirani yakarudishwa, nilibaki na kimya ambacho sikuwa nimekijua hapo awali. Niliendelea kwenda ibadani kila Jumapili kwa ajili ya mtoto. Nilisimama wakati wa kusimama, nikaketi wakati wa kuketi. Nilipojuliwa hali nilijibu "Bwana asifiwe" kama wenzangu. Lakini ndani nilikuwa mkavu kama mto wa Ukambani mwezi wa Septemba, mchanga mtupu na nyayo za ng'ombe waliokuja kutafuta maji wakayakosa.

Wafariji walikuja. Mmoja alisema kwamba Mungu huchuma maua yaliyo mazuri zaidi kwa bustani yake. Mwingine, mzee wa kanisa niliyemheshimu na ambaye ningali namheshimu, alisema kuwa mateso hutumwa ili kutuivisha. Walikunywa chai, wakaomba, wakaenda zao. Neno hilo la kuivishwa lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Huko mbele, msomaji, utaona kwa nini nalitaja.

Binti yangu naye alikuwa na yake. Siku moja, akiwa kidato cha pili, tulikuwa ndani ya matatu tukitoka kanisani. Akaniuliza bila kupunguza sauti, "Baba, wewe bado unaamini?" Abiria wa kiti cha mbele akageuka kutazama. Nikamjibu, "Sijui, mama." Hakuongeza neno. Aliniegemea begani mpaka tukashuka.

Agosti mwaka wa 2018 tulikwenda likizo kwa Nyanya yake, mama mkwe wangu, huko Makueni. Chini ya boma lake unapita mto wa msimu, na kando ya mto huo upo mkuyu mkubwa ajabu. Shina lake ni la rangi ya manjano iliyofifia, na watu watatu wakishikana mikono hawaweza kulizunguka. Mizizi yake imeubana mwamba kama vidole vya mtu aliyeshika mkate. Wenyeji wa huko hawachimbi kisima cha mchanga kabla ya kutazama mkuyu uko wapi, kwa maana mti huu hupenda kusimama penye maji hata kama macho hayayaoni. Wakati huo wa kiangazi kila kitu kilikuwa cha rangi ya vumbi ila mti huo. Ulikuwa umejaa makuyu, si kwenye ncha za matawi tu, bali hata kwenye mbao nene za shina, vishada kwa vishada.

Nyanya ni Mkristo wa tangu utotoni, na kanisa lake ni tunda la wamishenari walioingia Ukambani kupitia Nzaui mwaka wa 1895. Hata hivyo hakutuficha kwamba babu zake waliomba mvua chini ya miti ya aina hii kabla ya kanisa kuja. Nilimuuliza kama jambo hilo linamsumbua. Akaniambia, "Mwanangu, waliomba walipoona uhai. Wewe ungeomba wapi, kwenye jiwe?"

Binti yangu alikuwa amesoma katika kitabu cha maktaba ya shule kuhusu nyigu wa mkuyu, na sasa alitaka kujionea. Aliazima kisu cha jikoni, akachuma makuyu kumi hivi, mabichi kwa mabivu, akaketi juu ya mzizi na kuyapasua moja baada ya jingine. Nyanya alicheka. Alisema wao walipokuwa watoto walikuwa wakiyapasua, wakapuliza wadudu, wakala. "Na tuliposhindwa kupuliza tulikula pamoja na wadudu. Si niko hapa?"

Naomba nieleze niliyoonyeshwa siku hiyo, maana ndiyo kiini cha habari yangu.

Watu husema kwamba mkuyu hauna maua. Kumbe unayo, tena mamia kwa mamia, lakini yote yamefungiwa ndani ya lile tunda. Kuyu si tunda kama embe. Ni kama chumba ambacho kuta zake za ndani zimepambwa kwa maua madogo sana. Nyuki hawezi kuyafikia, wala kipepeo, wala upepo. Kuna kitundu kimoja tu mbele, kilichozibwa kwa vigamba vilivyopandiana. Maua ya kike yanapokuwa tayari, kuyu hutoa harufu, na harufu hiyo humwita mgeni mmoja tu, nyigu jike aliyebeba chavua kutoka mkuyu mwingine.

Mgeni huyo hufika na kuanza kujisukuma kati ya vile vigamba. Njia ni nyembamba mno hata mabawa yake hung'oka, na mara nyingi vipapasio vyake hukatika pia. Hatatoka tena. Humo gizani hutaga mayai katika baadhi ya maua, na mengine huyapaka chavua aliyokuja nayo. Kisha hufa. Tulipolipasua kuyu moja bichi tulimkuta, kimwili cheusi kikavu kisicho na mabawa, katikati ya maua.

Maua yaliyopakwa chavua huwa mbegu. Yaliyotagwa mayai huwa vijifuko vya kulelea watoto wa nyigu. Baada ya majuma kadhaa madume ndiyo huanza kutoka katika vijifuko. Hawana mabawa, nao wanaona kwa shida. Huwatafuta majike yangali yamefungiwa, huyapanda, halafu hukusanyika mahali pamoja na kuanza kutafuna ukuta wa kuyu kutoka ndani. Wanatoboa tundu mpaka nje. Kazi hiyo ikiisha nao wamekwisha. Wengi huanguka chini ambako sisimizi tayari wamejipanga. Majike hutoka katika vijifuko, hukusanya chavua kwa miguu na kuitia katika vijifuko vya kifuani, kisha hupita katika lile tundu na kuruka kutafuta mkuyu mwingine. Wengi wao hawafiki.

Tulifika kwenye kuyu ambalo madume walikuwa kazini. Binti yangu alilisogeza karibu na jicho. Baridi ya jioni ilikuwa imeanza, naye alikuwa amevaa sweta ya buluu.

Hapana budi niseme habari ya sweta hiyo. Mke wangu, alipokuwa akilazwa na kutolewa, alifuma sweta tatu kwa kipimo cha kukisia, moja kubwa kuliko nyingine. Zilikuwa za sekondari, na mtoto hata KCPE hakuwa ameketia. Alichagua buluu kwa sababu, kama alivyosema, shule nyingi huvaa buluu, na kama haitakuwa buluu basi atavaa nyumbani. Shule aliyoitwa ilikuwa ya sweta za kijani. Kwa hiyo zote tatu zilivaliwa nyumbani. Hiyo ya siku ile ilikuwa ya tatu, ile kubwa, na mikono ilikuwa imemtosha sawasawa.

"Baba," aliniambia, jicho lingali kwenye kuyu, "hawa wanachimba mlango ambao wao hawatautumia." Kisha akanyamaza. Baada ya muda nikaona anauvuta mkono wa sweta hadi ufunike vidole, na mabega yanatetemeka. Tulikaa hapo mpaka Nyanya alipotuita tule.

Usiku ule niliombwa kubariki chakula. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikilitamka ombi hilo kama mtu anayesoma risiti. Safari hii nilifumba macho na nikakuta kuna Mtu wa kumwambia. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Hakuna swali langu hata moja lililokuwa limejibiwa. Nilimshukuru kwa ugali, kwa mkuyu, na kwa mama aliyefuma sweta, na kwa mara ya kwanza tangu Machi ile sikuona kuwa namtaja marehemu kwa mtu asiyemjua.

Tuliporudi Nairobi nilianza kuusoma mti huu kama kijana anayesomea mtihani. Nikagundua kwamba nilikuwa nimekutana nao tangu shule ya Jumapili. Zakayo alipotaka kumwona Yesu kule Yeriko alipanda mkuyu, na kwa mtu mfupi alichagua vyema, kwani matawi yake huanza chini na kutanda. Nabii Amosi alijieleza kuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Mti ni ule ule ulioko Makueni, ule ule ambao baadhi ya wazee wa Agikuyu husema ndio uliowapa jina lao.

Lakini kuna tofauti moja iliyonishangaza. Kule Israeli na Misri nyigu anayeuchavusha mkuyu hayupo. Mti uko, mdudu wake hayuko. Makuyu yake hayana mbegu hata moja. Mkuyu wa kule hauoti wenyewe. Ni lazima mtu akate tawi, alipande, alitunze. Wanasayansi wawili kutoka Israeli, Galil na Eisikowitch, walipotaka kujua ndoa ya mti huu na mdudu wake ilivyo, iliwabidi kuuchunguza huku kwetu Afrika Mashariki, na mwaka wa 1968 wakachapisha waliyoyaona. Hebu fikiri basi: mkuyu wa Zakayo ulikuwa pale Yeriko kwa kuwa kuna mtu, ambaye jina lake halijulikani, aliyechomeka kijiti ardhini.

Na ile kazi ya Amosi? Wakulima wa kale wa Misri na Israeli walizoea kulichanja kuyu kwa kisu likiwa bichi. Likishachanjwa huvimba na kuiva kwa siku chache tu. Wataalamu wengi wa Biblia wanaamini kuwa hiyo ndiyo kazi anayoitaja nabii. Nilipolisoma hili nilimkumbuka yule mzee wa kanisa na neno lake la kuivishwa. Kumbe lina asili! Hata hivyo, bado silikubali. Kuyu lililochanjwa huiva, ndiyo, na ni tamu, lakini halina mbegu. Sitaki kuamini kwamba mke wangu alikuwa kisu cha kunichanjia mimi. Yeye alikuwa mtu, aliyependa nyimbo na kuchukia foleni, naye alikuwa na maisha yake mbele za Mungu. Anayetaka kumfariji mfiwa na aache kisu nyumbani.

Kilichonipa tumaini ni kile kitundu. Kuyu hujiwekea mlango kabla mgeni hajazaliwa. Hutuma harufu kwa kiumbe ambaye kama hangekuwako mlango huo ungekuwa upuuzi mtupu. Nilipokuwa katika ukame wangu, jambo lililoniumiza zaidi halikuwa kifo chenyewe, ila kuona kwamba mtu mdogo kama sisi anaweza kuingia gizani na pasiwe na yeyote aliyekuwa akimngojea. Nikiwa juu ya mzizi ule niliona giza ambalo limeandaliwa. Yesu naye alipotaka kusema juu ya kifo chake, kama tusomavyo katika Yohana sura ya 12, hakutaja malaika, alitaja punje ya ngano ardhini. Nilikuwa nimelisikia fungu hilo kwenye mazishi mengi, hata ya mke wangu. Sikuwahi kulisikia kwa kweli mpaka nilipolishika kuyu mkononi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa baiolojia asiyependa mambo ya dini, alinisikiliza kwa subira kisha akaniambia kuwa yote hayo ni matokeo ya mti na mdudu kubadilika pamoja polepole, kwa muda ambao wanasayansi wanaukadiria kuwa zaidi ya miaka milioni 60. Ipo miti ya jamii hii zaidi ya aina 700 ulimwenguni, na nyingi zina nyigu wake maalumu. Nikamwambia namwamini. Naye akanikumbusha kwamba mbu aenezaye malaria ameundwa kwa ustadi ule ule, na kwamba chembe za saratani nazo hujua kazi yao. Hapo alinigusa penye kidonda, na nadhani alijua.

Sina jibu la kumshinda. Kama mkuyu ungekuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani, wakili mzuri angeuangusha kabla ya chakula cha mchana. Lakini mimi sikushawishiwa kwa hoja. Nilikuwa nimeacha kushangaa, na mtu asiyeshangaa hawezi kuomba. Atanung'unika tu au atanyamaza. Kule mtoni nilishangaa tena, na mshangao ule ukanitoa katika chumba nilichokuwa nimejifungia. Nilipotoka nilikuta Kristo niliyefundishwa na mama yangu yuko pale pale. Rafiki yangu aliniambia kwamba hilo angalau haliwezi kupimwa maabarani, tukacheka, akaagiza chai nyingine.

Jambo moja nililojifunza ni kwamba sikuwa wa kwanza kufunzwa na miti hii hapa Kenya. Profesa Wangari Maathai, katika kitabu chake Unbowed kilichotoka mwaka wa 2006, anasimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao huko Nyeri, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito ambamo alicheza na mayai ya vyura. Alipofika tena akiwa mtu mzima mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Mugumo na mkuyu ni ndugu wa jamii moja. Mwaka wa 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti mmoja mkubwa wa jamii hiyo kwenye Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa ung'olewe. Mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Ukipita hapo na watoto waonyeshe. Usiwape mahubiri. Waache watazame juu kwa muda.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2019 na kwenda kusomea mambo ya mimea. Kuhusu imani, ana mwendo wake. Kuna Jumapili huja nami kanisani na kuna Jumapili hunipigia simu tu kuuliza mchungaji amesema nini. Simsukumi. Siku moja aliniuliza swali lile lile la kwenye matatu, naye nikamjibu, "Ndiyo, mama." Akasema, "Najua. Nilitaka tu kusikia."

Desemba ya mwaka huo nilikata kijiti kwenye mkuyu wa Nyanya, nikakifunga kwa gunia lililolowa, nikakipanda kwenye ploti yangu Kitengela. Majirani walinionya kwamba mti huo ungemeza ploti nzima, na huenda wasemavyo ni kweli. Sasa umenipita kimo mara tatu. Makuyu ya kwanza yalipotokea yalianguka yote yangali mabichi. Ndani mlikuwa na maua matupu. Binti yangu aliniambia nisife moyo, kwa kuwa huko Namibia nyigu hawa wamethibitishwa kuchukuliwa na upepo zaidi ya kilomita 100 kati ya mkuyu mmoja na mwingine.

Makuyu ya pili yalipokuja nilikuwa nikipasua moja kila Jumamosi. Katika juma la nne, chini ya kile kitundu, nilikuta kimwili cheusi kikavu kisicho na mabawa. Nilimpigia simu binti yangu kabla hata ya kuosha kisu.